Shati linajua vifungo vyake

Mwezi uliopita niligusia kwa mistari michache vikapu vitatu vya kazi ndogondogo ambavyo kijana wangu hukaa navyo kila asubuhi, mimi nikiwa kwenye cherehani, na jinsi anavyovimaliza bila kuniita. Sikutegemea kwamba mistari hiyo ingeleta barua nyingi kuliko yote niliyowahi kuandika hapa. Nyingine zimeletwa kwa mkono hadi kwenye atelie yangu Nyawera. Moja imeandikwa nyuma ya buleteni ya shule, na alama za mtoto naona si mbaya. Basi safari hii ukurasa wote ni wa jambo hilo.

Kwa wageni: mimi ni fundi wa kushona, si daktari. Kijana ana miaka 17, ana usonji, hali ya ukuaji wa ubongo, ile ambayo madaktari wetu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, huiita otisme. Maneno yake ni kama 30 hivi, mengi ya vyakula. Ninachokijua nimekipata kwa kukosea mbele yake, na kwa karatasi za semina moja ya siku tatu ambazo mpaka leo zimelala chini ya meza yangu ya kukatia.

*Jambo Mama. Mwanangu ana miaka 6, ana otisme. Nilisoma ulivyoandika nikamtayarishia kazi tatu: kuchambua maharagi mekundu na meupe, kufunga chupa kwa vifuniko vyake, na kupanga vijiko. Alimwaga maharagi yote chini, akalia, akakimbilia nje. Nimejaribu siku nne. Nakaa karibu naye, namwambia weka hapa, hapana si hapo, haya endelea. Nikinyamaza tu, naye anaacha. Sasa hiyo "peke yake" inatoka wapi?*
*Mama wa Bagira*

Mama mwenzangu, pole kwa maharagi. Yangu ulikuwa mchele.

Jibu umeliandika mwenyewe: ukinyamaza, anaacha. Kazi uliyomtayarishia inakaa kinywani mwako, mezani kuna maharagi tu. Nami nilifanya hivyohivyo mwaka mzima, na kijana wangu akajifunza jambo moja vizuri sana, kwamba mkono husogea mama akisema "weka". Nikienda mlangoni kupokea mteja, mkono ulikuwa unabaki hewani na kifuniko chake. Mteja anashangaa, mimi naona haya.

Angalia shati. Mpe mtu shati lililokatika vifungo, pamoja na vifungo 6 kwenye kisahani, uone kama utahitaji kumweleza kitu. Matundu yanaonyesha kila kifungo kinakaa wapi. Kisahani kinaonyesha vimebaki vingapi. Kisahani kikibaki kitupu, shati limekwisha, na hakuna wa kubisha. Kazi ya mtoto wako inatakiwa ijieleze namna hiyo, maana wengi wa watoto hawa hushika wanachokiona kwa urahisi kuliko wanachoambiwa. Neno likishatoka limepotea. Kitu kilichoko mezani kinamsubiri.

Wazo hilo silo langu. Lilitoka Marekani, katika chuo kikuu cha North Carolina, kwa mwanasaikolojia Eric Schopler na wenzake, ambao mpango wao uitwao TEACCH ulifanywa kuwa wa jimbo zima mwaka 1972. Wanasema mtoto akiketi kufanya kazi lazima aone kwa macho yake majibu ya maswali manne: nifanye kazi gani, ni nyingi kiasi gani, nitajuaje nimemaliza, na baadaye kuna nini. Nilipoyasikia mara ya kwanza kwenye semina nilidhani ni mambo ya watu wenye vyumba vingi. Kisha nikakumbuka kwamba msichana ninayemfundisha ushonaji huniuliza hayohayo manne kila asubuhi, ila yeye anajua kuuliza.

Haya, twende kwenye meza yako. Igeuze itazame ukuta, mtoto asione mlango wala barabara. Kazi zikae kushoto kwake. Kulia kwake, chini sakafuni, weka kasuku kubwa tupu, yaani ile ndoo ya mafuta ya kupikia. Anachukua kushoto, anafanyia mbele yake, akimaliza anatia ndani ya kasuku. Kila siku hivyo, na kasuku iwe ileile. Siku moja bomba lilirudi baada ya kukauka siku mbili, nami kwa haraka nikachukua kasuku yetu kutekea maji, nikaweka beseni mahali pake. Kijana alimaliza kazi ya kwanza, akaibeba mkononi akizunguka nayo nyumba nzima kutafuta pa kuiweka, mpaka akaikuta kasuku imejaa maji, akaitumbukiza humohumo. Tangu siku hiyo kasuku ya kazi haiendi bombani.

Kazi tatu ni nyingi kwa mwanzo. Weka moja. Na iwe kitu ambacho mikono yake inakijua tayari, hapa ndipo wengi wetu tunateleza. Kufundisha jambo jipya kuna saa yake, wewe na yeye mmeketi pamoja, na hapo uongee kama unavyotaka kuongea. Vikapu vya peke yake ni vya yale aliyokwisha kuyaweza. Kwa mtoto wa miaka 6 anayependa kumwaga, mimi ningeanza na kutumbukiza: kopo la maziwa ya Nido lililotobolewa kifuniko, na vifuniko 8 vya soda kwenye bakuli lililobandikwa kwa gundi juu ya kipande cha katoni pamoja na kopo lenyewe, ili visipinduke wala kutengana. Tundu linamwonyesha pa kutia, bakuli linamwonyesha vimebaki vingapi, na ule mlio wa bati kila kifuniko kinapoanguka, ko, kuna watoto ambao kwao ni malipo tosha.

Maharagi yaache kwanza. Lundo la maharagi halina mwisho machoni pa mtoto. Hata mimi ukinimwagia kilo tano nichambue bila kuniambia itakuwaje baadaye, nitakimbilia nje. Tena mbegu ndogo huingia puani na masikioni. Nimewahi kupanda mlima na mtoto wa jirani mgongoni hadi kituo cha afya kwa ajili ya haragi moja tu. Akizoea kopo na akawa hatii vitu mdomoni, mpe maharagi 10, visahani viwili, na ndani ya kila kisahani bandika haragi moja la rangi yake liwe alama.

Na wewe usimame wapi? Nyuma yake. Akikwama, shika mkono wake kutoka nyuma, upeleke hadi kwenye tundu, uachie. Usiseme kitu. Usitokee mbele, maana akiuona uso wako ataanza kusoma uso badala ya kusoma kazi. Baada ya siku chache gusa kiwiko tu, halafu bega, halafu rudi nyuma hatua moja, mbili, mpaka ujikute uko jikoni. Kunyamaza kulinishinda kabisa mwanzoni, ikabidi niwe nabana pini za kushonea kwa midomo. Mteja mmoja aliuliza kama tumegombana na mtoto.

Halafu hesabu vitu kabla hujaweka kikapu mezani. Kuna siku niliweka chupa 12 za maji na vifuniko 11. Alifunga 11 vizuri, kisha akakaa na ile ya kumi na mbili hadi giza likaingia, akiinua mkeka, akiinua viatu, akinifungua kiganja. Aliyefanya kosa ni mimi, aliyelipa ni yeye.

*Mama, binti yetu wa miaka 8 anamaliza vikapu vyake vinne kwa dakika 5. Halafu anapiga kelele na kujigonga kichwa. Na jioni mke wangu anapotenganisha vitu ili avitayarishe kwa kesho, binti anamng'ata. Tumwongezee kazi?*
*Baba, Ibanda*

Baba, msimwongezee. Kelele haziji wakati wa kazi, zinakuja kazi ikiisha, na ulivyoandika ni kama mtu aliyeshushwa kwenye basi asijue yuko kituo gani. Lile swali la nne halina jibu. Baada ya kikapu cha nne, palepale kwenye mstari, weka kitu kinachomwonyesha linalofuata: kikombe chake kama linalofuata ni chai, kiatu kama ni kutoka nje. Akione tangu anapoketi.

Chagua kitu msichokosa. Mimi nilianza na simu, video ya nyimbo. Nyinyi mnajua umeme wetu. Siku ya tatu betri ilikuwa imekufa, kijana amemaliza vikapu vyote, amechukua simu kama ilivyoahidiwa, simu nyeusi. Sitaki kuikumbuka asubuhi ile. Sasa kwenye mwisho wa mstari kuna kikopo cha karanga, naye anakwenda nazo kwenye ngazi kutazama motari, madereva wa pikipiki, wakipanda na kushuka. Karanga hazihitaji umeme, na motari hawakosekani Bukavu hata mvua inyeshe.

Na kabla hatujaacha hilo la kujigonga kichwa: likiendelea, au likitokea hata nje ya saa ya vikapu, mpelekeni kwa daktari. Jino bovu au sikio linalouma huwafanya watoto wasioweza kusema wafanye hivyohivyo, na hakuna kikapu kitakachotibu jino.

Kuhusu kung'ata, namwelewa binti. Nikimaliza kushona gauni, halafu mtu akae mbele yangu alifumue ili kesho nilishone tena, nami nadhani ningetafuta pa kung'ata. Mke wako avitenganishe mtoto akiwa amelala. Afadhali zaidi, polepole tafuteni kazi zisizofumuliwa: kukunja taulo zikaenda kabatini, kupanga vijiko vikatumika mchana uleule, kujaza vitunguu kwenye kikapu cha jikoni. Kazi za kufumua zina nafasi yake kwa mtoto anayeanza, lakini wengine huwa wanagundua mapema kuliko tunavyodhani kwamba chupa alizozifunga jana ndizo hizi za leo.

*Mama, mimi ni mwalimu wa mwaka wa pili, Kadutu. Nina watoto 72 darasani. Mmoja ana otisme, anasimama kila dakika, anazunguka, anafunga na kufungua dirisha. Direkta anataka arudishwe nyumbani. Mimi sitaki. Lakini siwezi kuwa na vikapu na meza ya ukutani, hata mlango wa darasa haufungiki.*
*Mwalimu*

Mwalimu, aksanti kwa hilo "mimi sitaki".

Tangu shule za msingi za serikali zianze kuwa bure kweli mwaka 2019, sote tumeona madarasa yalivyofurika, kwa hiyo sitakuambia mambo ya semina. Nitakuambia ningefanya nini na nafasi ya mtoto mmoja tu kwenye benchi. Awe mwisho wa benchi upande wa ukuta, mbali na dirisha lake analolipenda. Badala ya vikapu, bahasha tatu za karatasi ya kaki, zimewekwa mstari kwa pini ya nguo, namba 1, 2, 3. Cha nne ni mfuko uliotundikwa kwenye ncha ya benchi: kila bahasha ikiisha inaingia mfukoni. Ndani ya bahasha weka kitu kimoja anachokiweza kinachokaribiana na somo la wenzake: wakiwa wanasoma silabi, yeye ana kadi 6 za herufi za kuoanisha na herufi zilizochorwa kwenye karatasi; wakiwa wanahesabu, ana vifuniko 5 vya kuweka juu ya duara 5. Duara ziwe zimechorwa, asihitaji kukuuliza ni vingapi. Bahasha ya tatu ikiisha, kadi ya dirisha: anakwenda, anafungua, anafunga, anarudi. Najua utacheka. Lakini dirisha hilo atalifungua hata usipompa ruhusa, basi lipe mahali pake kwenye mstari.

Bahasha zitayarishwe na mzazi, si wewe. Mwite mama yake, mwonyeshe mara moja. Watoto 72 wanakutosha.

Na direkta? Katiba yetu ya 2006, ibara ya 43, inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure, na haikumtenga mtoto yeyote. Tena kuna sheria maalumu ya 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Sheria haitakusaidia kukalisha mtoto kwenye benchi, hilo najua. Ila inafaa kutajwa kwa adabu kwenye ofisi ya direkta, ukiwa umeshika bahasha mkononi za kumwonyesha.

*Yaya, mimi ni mdogo wako wa Panzi. Mama mkwe anasema mtoto wangu ameharibika kwa sababu mimi sikumlea vizuri, nilikuwa nashinda sokoni. Anasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wifi yangu amekwenda mbali zaidi, anasema huenda mtoto ana uchawi, apelekwe kwenye maombi alale huko. Nikimkalisha na vikapu wananicheka, eti nachezea mtoto mgonjwa. Nifanye nini?*

Mdogo wangu, nianze na la hatari. Mtoto asilale kokote bila wewe. Kumwita mtoto mchawi ni kosa linalokatazwa na Katiba yenyewe, ibara ya 41, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inaliadhibu. Wifi aambiwe hivyo mbele ya baba wa mtoto, na mtu mzima mwingine awepo. Kuomba tunaomba sote. Mimi naomba na kijana wangu akiwa ameketi pajani pangu, au siku hizi kando yangu, maana amenizidi urefu.

La mama mkwe ni la zamani kuliko yeye. Usidhani ni la kwetu peke yetu. Daktari Leo Kanner alipoandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 aliowaona Marekani, alieleza vizuri hali yenyewe, lakini akagusia pia ubaridi wa wazazi, na wengine wakaliokota hilo wakakimbia nalo. Huko Chicago mtu mmoja mwenye sifa kubwa, Bruno Bettelheim, alifundisha kwamba mama asiye na upendo ndiye chanzo, na kwamba dawa ni kumtenga mtoto na wazazi. Mama wa Kizungu, wenye hospitali na vitabu, wakalia miaka mingi kama wewe unavyolia Panzi.

Aliyesimama kupinga ni huyohuyo Schopler niliyemtaja juu. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1927, familia yake ikakimbilia Marekani, akasoma palepale Chicago, na akakataa. Alipoanza kazi yake North Carolina hakuwatoa wazazi chumbani. Aliwaingiza, akawafanya wafanye kazi na watoto wao pamoja na wataalamu. Mwaka 1971 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuwalinganisha watoto hao katika vipindi vilivyopangwa vizuri na vipindi vya kuwaacha wajiamulie. Kwenye vilivyopangwa walifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo hivyo vikapu wanavyovicheka vilizaliwa kwa mtu aliyekataa kwamba mama ndiye ugonjwa. Mimi nikilijua hilo hunisaidia siku mbaya, sijui wewe.

Mtoto umleavyo? Huyo wangu nilimlea na dada zake wawili kwenye nyumba moja, chungu kimoja. Dada zake wanaongea mpaka nawaomba wapumzike.

Mama mkwe usibishane naye. Mpe kikapu. Kweli. Wangu alibadilika siku nilipomwomba anisaidie kuchagua kazi ya kijana, akasema kwa dharau, "Basi achambue sombe, majani ya muhogo, kama watu wengine." Tukafanya: fungu la matawi 5 kushoto, bakuli la majani katikati, mfuko wa vijiti kulia. Aliyanyofoa majani yote bila kuharibu hata moja, polepole kama mtu anayehesabu pesa za wengine. Bibi akaipika ile sombe mwenyewe. Hajasema pole, na sikutegemea, lakini siku hizi akija huuliza, "Kazi yake ya leo iko wapi?"

*Je, picha lazima zichapishwe kwa rangi na kufunikwa plastiki? Bei imenishinda.*

Hapana. Kitu chenyewe ni bora kuliko picha yake, hasa kwa mdogo. Ukihitaji picha, karatasi za pakiti za sabuni, chai na biskuti zina picha nzuri na hazilipiwi mara mbili, na skochi pana, utepe wa gundi, inatosha kuzifunika. Velkro, ile mikanda miwili inayong'ang'aniana, mimi huitoa kwenye viatu chakavu vya watoto.

*Mama, binti yangu ana miaka 15. Hapo zamani kituo kimoja kilimpa kazi za kupanga cubes (michemraba) za rangi na kutia pete kwenye kijiti. Bado anazifanya, anazimaliza, lakini naona aibu wageni wakimkuta na vitu vya watoto. Anaweza nini kingine? Tunaishi karibu na ziwa, nauza sambaza, wale samaki wadogo.*
*Mama wa sambaza*

Mama, aibu hiyo inakuambia kitu cha kweli. Amekua, kazi hazikukua. Kazi ya msichana wa miaka 15 inatakiwa ifanane na kazi za wasichana wa miaka 15, hata kama njia ya kuifanya ni ileile ya kushoto kwenda kulia.

Na wewe una utajiri hapo mlangoni. Kutia pete kwenye kijiti na kutia sambaza waliokaushwa kwenye sashe, vile vifuko vidogo, mikono inafanya jambo moja. Kinachokosekana ni kitu cha kumwonyesha kiasi, kwa sababu nadhani kuhesabu hakuwezi. Wangu hakuwezi pia. Anafungasha karanga ninazouza pale atelie, sashe za bei moja, na hajawahi kukosea, kwa sababu hahesabu. Anachota kwa kifuniko cha chupa ya mafuta ya kujipaka, kifuniko kimoja kwa sashe moja, anakisawazisha kwa kidole, anamimina. Kisha kila sashe inakwenda kwenye ubao niliouchora mistatili 10. Ubao ukijaa, sashe 10 zinaingia kwenye mfuko mmoja, mfuko unaingia kwenye kasuku, anaanza ubao wa pili. Mbao zote za siku zinakaa kushoto kwake zimesimama, kwa hiyo anaona: leo ni mbao 3, jana zilikuwa 2 kwa sababu Jumapili.

Kwako ningetafuta kikombe kidogo cha plastiki, nikakikata kikawa na ujazo wa sashe moja unavyouza. Usimchoree mstari ndani amwage hadi hapo, mstari unahitaji macho na uamuzi. Kikate. Kikombe kikijaa kimejaa. Kuna kufunga sashe pia, na fundo huwasumbua wengi, wangu lilimchukua miezi. Muda huo wote alichota na kupanga tu, mimi nikafunga jioni. Si lazima afanye kazi yote kuanzia mwanzo hadi mwisho ndipo iitwe yake.

Mwanzo mpe sashe 5 tu, na uso wa ukuta, si sokoni. Soko la samaki lina kelele, lina watu wanaogusa, na wateja wa kwetu hawawezi kumwona mtoto anafanya kazi bila kumwuliza jina lake ni nani na mbona hajibu. Afanyie nyumbani, wewe uuze. Akionyesha mwenyewe kwamba anataka kukufuata, hilo tutaliongea.

Mfundishe kunawa kwa mpangilio uleule: beseni kushoto, sabuni, taulo kulia, ndipo kikombe. Cubes usizitupe. Za siku akiwa mgonjwa, au mkihama, au siku ambazo mji umefunga milango na hakuna samaki, mikono yake itataka kitu inachokijua.

Na uangalie pua yake. Baadhi ya watoto hawa harufu inawaumiza kama sisi tunavyoumizwa na moshi machoni. Akiwa anageuza uso, anajifunika kwa kikwembe, au anaacha kula jioni, sambaza si kazi yake, hata kama ndiyo biashara yako. Niandikie, au pita Nyawera asubuhi kabla ya saa nne, ndipo kijana anafungasha. Utuletee hao sambaza kidogo, tuone kikombe kinatakiwa kikatwe wapi. Karanga tunazo.